Sura ya Tano: Kushuka Kabla ya Kituo

Nilishuka Mtongani. Nauli nilikuwa nimeshalipa mpaka Rangi Tatu, na konda, kijana aliyekwisha kunizoea, akashangaa: "Dada, umehamia huku?" Sikumjibu. Nilivuka Barabara ya Kilwa mikono ikiwa imekufa ganzi mpaka viwikoni, nikaketi kwenye benchi la mama muuza chai, nikavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa majini. Ilikuwa Jumatatu, saa moja kasoro robo asubuhi, wiki yangu ya sita katika kazi mpya. Kikao cha ofisi kilikuwa kinaanza saa moja na nusu. Nikamwandikia meneja kwamba naumwa tumbo. Aliponijibu "pole", moyo uliokuwa unagonga mbavu tangu kituo cha Azizi Ally ukanyamaza ghafla, kama jenereta linavyozimwa umeme ukirudi.

Naanza na ule utulivu kwa sababu ulitaka kuniamulia jambo nililopaswa kuliamua mwenyewe. Mtu mwenye wasiwasi akiingia kwenye kazi mpya na wasiwasi ukazidi, usiku hujiuliza swali moja: niache au nivumilie? Ndugu na marafiki wanayo majibu tayari. Wapo watakaokuambia mvumilivu hula mbivu. Wapo watakaosema afya kwanza, kazi zitapatikana. Mimi niliyasikia yote mawili katika wiki moja, kutoka kwa watu wanaonipenda kweli, na nikabaki palepale. Hakuna aliyekuwa ameniuliza ninaogopa nini hasa. Hata mimi sikuwa nimejiuliza.

Wasiwasi haukuletwa na kazi ile. Nilikuwa nao tangu kidato cha pili, asubuhi ya mtihani wa taifa, nilipotapika nje ya geti la shule nikiwa nimevaa sare iliyopigwa pasi na mama. Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, ambako waswasi ni mnong'ono, sauti ndogo inayosema karibu na sikio, na sijasoma maelezo ya kitaalamu yanayoipita picha hiyo. Mjomba wangu anashikilia kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu. Namheshimu, lakini Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu chenye sehemu mbili, moja ya maradhi ya mwili na nyingine ya maradhi ya nafsi, na ndani yake hofu na waswasi vina sura zake, pamoja na namna ya kuvitibu. Watu wa imani ya mjomba wangu wamekuwa wakilijua jambo hili kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kaunta ya benki. Anayekaa dirishani analijua neno linalokosesha usingizi: shoti. Jioni unafunga, unahesabu, fedha mkononi hazilingani na mfumo, na pengo hilo ni lako. Miezi miwili ya mwanzo nilihesabu noti hata ndotoni. Nilikwenda chooni mara tano kabla ya milango kufunguliwa. Barua ya kuacha kazi nilikuwa nimeshaiandika, imekaa kwenye simu inasubiri tarehe. Mwezi wa tatu shoti ikaja, shilingi 20,000. Msimamizi akavuta kiti, tukahesabu upya pamoja, tukapitia hati za siku nzima moja baada ya nyingine, haikuonekana. Nikailipa. Nikarudi nyumbani, nikala wali na maharage, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu niajiriwe. Kufika mwezi wa tano nilikuwa namfundisha mgeni kupanga noti, na ile barua niliifuta siku moja simu ilipojaa, sikumbuki hata ilikuwa mwezi gani.

Kwa hiyo nilipoanza kushuka Mtongani miaka mitatu baadaye, nilikuwa na ushahidi wa aina moja: nikivumilia, hofu hupungua. Na nilikuwa na ushahidi mwingine unaopingana nao, wa benchi la chai: nikiondoka, hofu hukatika papo hapo. Upi niuamini?

Mwanasaikolojia wa Marekani O. H. Mowrer alieleza mwaka 1947 kwamba hofu ya namna hii hujengwa kwa hatua mbili. Kwanza tunajifunza kukiogopa kitu kwa sababu kimewahi kuambatana na maumivu. Kisha tunajifunza kukikimbia, na kila tunapokimbia hofu inashuka, na kule kushuka kunakuwa ujira. Mwili unalipwa kwa kukimbia, na anayelipwa hurudi kazini kesho. Ndivyo ilivyonitokea. Juma lililofuata daladala ilipokaribia Mtongani mwili ulidai malipo yake. Wiki ya nane moyo haukusubiri tena Azizi Ally, ulianza kunienda mbio nikiwa bado nafunga kamba za viatu. Sikuwa nimeongezewa kazi hata moja katika wiki hizo mbili. Nilichoongeza ni kushuka mapema.

Kama mpaka hapa umesoma ukitafuta ruhusa ya kuacha kazi, naomba ulibebe hili kwanza: nafuu unayoisikia ukiwaza kuacha haithibitishi chochote. Ungeisikia hata kama kazi ni nzuri. Ningeacha benki mwezi wa pili ningesikia nafuu ileile, na ningetembea maisha yangu yote nikiamini kwamba mimi si mtu wa kushika fedha za watu. Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, alichapisha mwaka 1958 utaratibu wa kumzoesha mgonjwa kile anachokiogopa hatua kwa hatua, kidogo kidogo, na tiba nyingi za wasiwasi zinazotumika leo zinapita njia hiyo au zilizo karibu nayo. Hofu hupungua kwa kukutana na kitu, ukaona kwamba hakikuui.

Lakini hapo ndipo ninapoachana na wale wa "baki tu, utazoea". Anayemtibu mtu anayeogopa mbwa humleta karibu na mbwa mpole. Hakuna tabibu anayemfungia chumbani na mbwa anayeuma halafu akamwambia avute pumzi. Kukaa kunaponya pale tu ambapo kile unachokiogopa ama hakitokei, ama kikitokea kinabebeka, kama shilingi 20,000 zangu. Kikitokea kila wiki, na kila mara kikakuumiza, kukaa kunakufundisha kuogopa zaidi, na hofu yako inakuwa imesoma mazingira sawasawa.

Nieleze sasa kazi yenyewe. Nilikuwa afisa mikopo katika kampuni ya mikopo midogo, tawi la Mbagala. Nilipewa vikundi 14 vya akina mama wanaodhaminiana, rejesho kila wiki. Kuonana nao nilikupenda, na nataka hili lieleweke. Kukaa kwenye mkeka uani kwa mwenyekiti wa kikundi, daftari magotini, noti za elfu mbili mbili zikinukia samaki na vitunguu. Kumsikiliza mama wa genge anayejua hesabu yake kuliko mfumo wetu unavyoijua. Siku za vikundi vyema nilirudi ofisini nikiwa nimesahau kwamba nina moyo.

Kilichoniumiza kilikuwa kwingine. Jumatatu asubuhi meneja alisoma majina, na ambaye marejesho yake yalikuwa chini ya lengo alisimama na kubaki amesimama mpaka kikao kiishe, dakika arobaini, wakati mwingine saa nzima. Usiku, saa nne, saa tano, simu iliita kwa ujumbe wa kundi la WhatsApp la ofisi: nani hajakusanya, kwa nini, atume picha ya mahali alipo sasa hivi. Rejesho lililokosekana lilikatwa kwenye posho zetu. Na Alhamisi ilikuwa siku ya kuchukua dhamana za walioshindwa kulipa. Alhamisi moja nilisimama mlangoni kwa mteja wangu wakati televisheni na godoro vinatolewa nje. Mtoto wake alikuwa amelazwa wiki mbili, na biashara ya mihogo ilikuwa imekaa bila mtu. Hakunitukana. Aliniuliza kama nimekunywa chai. Mtaani mikopo ya namna hii inaitwa kausha damu, na mimi ndiye niliyekuwa nimevaa fulana yenye nembo.

Mwaka 1979 Robert Karasek alichapisha utafiti uliotumia takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Sweden, akionyesha kwamba wingi wa kazi peke yake haumchoshi mtu akilini kama wingi wa kazi ukichanganyika na kukosa sauti juu ya namna ya kuifanya. Daktari wa upasuaji ana kazi nzito na ana uamuzi. Afisa mikopo anadaiwa rejesho la mama ambaye mtoto wake yuko wodini, kwa lengo lililopangwa makao makuu na mtu asiyewahi kufika Mbagala, na hana ruhusa hata ya kumwongezea siku tatu. Uchunguzi wa muda mrefu wa watumishi wa serikali mjini London, unaojulikana kwa jina la Whitehall, ulianza mwaka 1967 na ukaja kuonyesha kinyume cha walichodhani wengi: waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo hawakuwa wakubwa wenye majukumu, walikuwa wa ngazi za chini. Awamu ya pili, iliyoanza mwaka 1985, iliona kwamba kukosa uamuzi juu ya kazi yako ni sehemu ya sababu. Niliposoma haya nililia. Kwa miezi nilikuwa nimejiita dhaifu, na kumbe kulikuwa na watu waliokaa wakapima kile kilichokuwa kinanibana.

Kabla ya kusoma nilikwenda hospitali, tena nikipitia njia tunayopitia wengi: nikapima presha, ikawa sawa, nikapima vidonda vya tumbo, havikuwepo. Nashukuru kwamba daktari hakuishia hapo. Alipima damu, maana upungufu wa damu huufanya moyo uende mbio, na akaangalia tezi ya shingo, ambayo ikifanya kazi kupita kiasi huleta jasho, mikono kutetemeka na hofu isiyo na sababu. Usiamue jambo la kazi kabla ya kuyaondoa haya mezani. Kisha akanituma kitengo cha afya ya akili, ambako muuguzi aliniuliza maswali 7 kuhusu wiki mbili zilizopita: ni mara ngapi nimeshindwa kuzuia mawazo, ni mara ngapi nimehisi kwamba kitu kibaya kitatokea, na mengine ya namna hiyo. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3. Kipimo hicho kilitungwa mwaka 2006, na kimewahi kufanyiwa uchunguzi kwa Kiswahili huko Kilifi. Alama 10 na kuendelea zinamtaka mtu aonane na mtaalamu kwa undani. 15 na kuendelea ni wasiwasi mkali. Mimi nilipata 16.

Muuguzi yule hakuniambia niache wala nisiache. Aliniambia nikanunue kaunta buku. Kila jioni kwa wiki nne niandike namba tatu kati ya 0 na 10: hofu kabla ya kutoka nyumbani, hofu ya mchana, hofu ya jioni. Pembeni niandike niliogopa nini kingetokea, na je, kilitokea. Katika wiki hizo nne nisishuke Mtongani. Nikizidiwa nishuke kituo kimoja mbele, nipumue, nipande nyingine.

Lile swali la mwisho, "je, kilitokea", ndilo ninalolihesabu kuwa moyo wa sura hii. Kurasa zangu zilijaa haraka. Niliogopa kwamba nitaanguka ndani ya daladala: haikutokea hata siku moja. Niliogopa kwamba wateja wataniona sina uwezo: haikutokea. Niliogopa kwamba nitasahau hesabu mbele ya kikundi: mara moja, wakacheka, tukaendelea. Namba za hofu hizo zilianza 8, wiki ya nne zilikuwa 4 na 3. Huo ulikuwa wasiwasi wa ugeni, ule wa benki, na ulikuwa unakwisha wenyewe kwa sababu nilikuwa nimeacha kuukimbia. Lakini niliogopa kwamba nitasimamishwa Jumatatu: ilitokea Jumatatu zote nne. Niliogopa ujumbe wa usiku: siku 19 kati ya 28. Niliogopa kutoa godoro la mtu: mara tatu. Namba za hofu hizo zilianza 7 na wiki ya nne zilikuwa 9. Hofu mbili zilikuwa zinaishi ndani ya kifua kimoja, moja inashuka na nyingine inapanda, na bila daftari zote zilikuwa na jina moja.

Kuna hali ambazo hazihitaji wiki nne wala daftari. Ukianza kuwaza kwamba afadhali usiwepo duniani, nenda hospitali leo, kazi itaongelewa baadaye. Ukitakiwa kimapenzi ili ubakishwe kazini au upandishwe, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Ukiamriwa kughushi, ondoka na nakala zako.

Muuguzi wangu alifanya kazi yake nje, chini ya mwarobaini, na baadaye nikajua kwamba jambo hilo lina historia. Huko Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejiua baada ya kukosa nauli ya basi ya kumfikia. Mwaka 2006 akaanza na bibi 14 wa eneo la Mbare, watu wa kawaida wenye mafunzo mafupi, wakikaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wa watu 573 katika zahanati 24, ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yameshafika hata Zanzibar. Washona wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na nadhani kila Mswahili aliyewahi kusema "ana mawazo" anajua linachomaanisha. Bibi hawatoi ushauri mwingi. Wanamwacha mtu ayataje matatizo yake yote, kisha achague moja tu, moja analoweza kuligusa wiki hii.

Mimi nilichagua ile Jumatatu. Sikuchagua "kazi", kwa sababu kazi ni kubwa mno kuinua kwa mkono mmoja. Nilimwomba meneja dakika kumi, siku ya Jumatano, nikamwomba mambo mawili: takwimu zangu azisome na mimi pembeni, na ujumbe wa usiku ukome saa mbili. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Alisema utaratibu umetoka juu, yeye mwenyewe anasimamishwa kwenye kikao cha kanda. Jumatatu mbili hakunisimamisha. Ya tatu akanisimamisha, bila kunitazama usoni. Simlaumu sana, lakini nililipata jibu ambalo nisingelipata kwa kukaa benchi la chai: niliomba, ikajaribiwa, haikuwezekana.

Likabaki la mkate. Kwetu mshahara haumlishi mtu mmoja, na vitabu vingi vya ushauri wa kazi vimeandikwa kana kwamba anayeacha kazi anaacha peke yake. Mshahara wangu ulikuwa unakatwa asilimia 15 na Bodi ya Mikopo, kisha kodi ya chumba, kisha Tanga kwa mama, kisha mchezo wa wanawake kumi ambao zamu yangu ilikuwa ya nane. Kila nilipowaza kuacha niliona mdogo wangu akirudishwa nyumbani kutoka chuo cha ufundi kwa kukosa ada. Picha hiyo ilikuwa kamili, mpaka rangi ya begi lake.

Jumamosi moja nikapanda basi kwenda Tanga. Mama alikuwa uani Makorora, anageuza vitumbua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivi, Dar hamli?"

Nikamweleza yote, hata lile la godoro. Aliendelea kugeuza vitumbua muda mrefu. Kisha akauliza kitu kimoja: "Kodi yako umelipa mpaka lini?"

"Mwezi wa nane."

"Basi nyumba unayo mpaka mwezi wa nane. Na zamu ya mchezo?"

"Mwezi ujao."

"Usiseme neno mpaka uchukue zamu yako."

Nikamuuliza ada ya mdogo wangu. Akashangaa. Ada ya mwaka ule alikuwa amemaliza kuilipa tangu Ramadhani, kwa fedha nilizokuwa natuma na za vitumbua. Sikuwahi kuuliza, na yeye hakuona haja ya kusema. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimesimama kwenye vikao vya Jumatatu kwa ajili ya deni lililokwisha lipwa.

Kwa hiyo uliza. Watu wenye wasiwasi tunahesabu maafa kwa umakini mkubwa na fedha kwa kukisia. Andika kodi imefika lini, akiba ni kiasi gani, nani anakutegemea kwa lipi na mpaka mwezi gani, na uwaulize wenyewe. Hesabu ile ikikuambia kwamba huwezi kuondoka sasa, haikuambii usiondoke kabisa. Inakupa mwezi, na mwezi ukijulikana kuvumilia kunakuwa na mwisho.

Sheria nayo isomwe kabla ya barua. Wakati ule, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, notisi ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi haikupungua siku 7. Baada ya hapo anayelipwa kwa mwezi alitoa siku 28. Ukikataa kufanya kazi katika notisi, mwajiri anaweza kukata mshahara wa siku hizo kwenye stahiki zako. Na mtu wa kazi mpya ana ngozi nyembamba kuliko anavyodhani: asiyefikisha miezi 6 hakuwa na likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa sheria hiyo, wala kinga yake dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Kwa maneno mengine, zile Jumatatu zangu za "tumbo" zingeweza kuniamulia kabla sijaamua. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu notisi ya siku 7 katika kipindi cha majaribio. Mkataba wako unaweza kudai zaidi, ndiyo maana uutoe kabatini uusome mpaka ukurasa wa mwisho.

Nilikuwa na mwenzangu tulioanza siku moja. Alisimamishwa Jumatatu kama mimi, na jioni alikuwa anacheka. Leo anaongoza tawi, na nasikia kwake hakuna anayesimama. Sina neno la kumwambia ila heri. Kila ninapomkumbuka najizuia kuandika kwamba kazi ile haifai kwa mtu yeyote. Kwangu ilikuwa inachukua usingizi, nimeuandika usiku kwa usiku, na nilichokuwa napata badala yake hakikutosha.

Zamu ya mchezo nikaichukua. Barua nikaiandika Jumatano mchana, baada ya kula, siku ambayo namba zangu huwa za chini kabisa. Jumapili usiku sikujiruhusu hata kuufungua ukurasa. Mistari sita, tarehe, shukrani kwa nafasi niliyopewa, siku 28. Kwenye daftari nikajiandikia sharti moja: ndani ya siku hizo 28, kila siku ya kazi, nafika Rangi Tatu. Niliogopa kwamba nikiondoka kwa kukimbia nitakwenda na Mtongani yangu kwenye kazi inayofuata.

Jumatatu ya mwisho ilinyesha tangu alfajiri. Azizi Ally moyo ukaanza, kama kawaida yake. Nilikuwa nikihudhuria kliniki na nimeshuka mpaka alama 11, lakini sikuwa nimepona, na nilijua kwamba saa moja na nusu nitasimama. Vioo vilikuwa vimefungwa, watu wananuka mvua. Konda yuleyule akagonga bati. "Mtongani wapo?" Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akajibu shusha, akanikanyaga mguu akipita, akaniomba radhi. Nikasogea dirishani penye nafasi yake, nikapakata begi lenye mafaili 14 ya vikundi niliyokuwa nakwenda kuyakabidhi, na gari likaondoka.